Mtoto wa Askari Afundishwe Hesabu za Kweli

Yuko mtu mmoja anayefahamika na kila aliyepitia shule ya msingi katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Kazi yake ni kununua maembe. Hununua maembe 144 kwa bei hii, akauza theluthi kwa bei ile, yaliyooza akayatupa, kisha mtoto wa darasa la sita huulizwa: Je, alipata faida ya asilimia ngapi? Hakuna ajuaye maembe hayo yalitoka shamba gani, wala nani aliyeyachuma, wala mchumaji alilipwa nini. Mwenzake ni lile bomba linalojaza tangi lenye tundu, tangi ambalo kwa miaka yote hii hakuna fundi aliyeitwa kuliziba.

Hatuyadharau maembe wala tangi. Mtoto hana budi kujua asilimia, na asiyejua kugawanya atagawanyiwa na wengine. Walakini, ndugu msomaji, shule zilizomo ndani ya kambi zetu za jeshi na polisi zimezungukwa pande zote na hesabu zilizo hai: daftari la zamu, mgao wa unga, orodha ya mishahara, kitabu cha ajali za barabarani, deni la baba kwa mkopeshaji, kiinua mgongo cha mjane aliye jirani. Hesabu hizo hupita nje ya dirisha la darasa kila siku, na mtoto aliye ndani anaendelea kupiga hesabu za maembe. Maoni yetu ni kwamba zifunguliwe mlango, ziingie, na zifundishwe pamoja na swali ambalo maembe hayana, nalo ni hili: Je, jambo hili ni la haki?

Kwa upande wa sheria ya elimu, mlango huo umekwisha kufunguliwa. Mwaka 2020 Uganda ilianzisha mtaala mpya wa madarasa ya chini ya sekondari, na mwaka 2024 watahiniwa wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani wao wa kidato cha nne. Mtaala unataka mwanafunzi apewe hali fulani ya maisha, kisha atumie alichojifunza kuitatua. Ni maneno mema. Lakini ni rahisi mno kwa mwalimu aliyechoka kumrudisha yule yule mnunuzi wa maembe, safari hii akiwa amepewa jina na simu ya mkononi, akadai kwamba hayo ndiyo maisha.

Askari anayo sababu yake ya pekee ya kulijali jambo hili, kwa maana yeye ni miongoni mwa watu wa kwanza duniani waliookolewa na takwimu. Wengi wamesikia jina la Florence Nightingale, na wamefundishwa kwamba alikuwa muuguzi mpole aliyetembea usiku na taa mkononi kati ya vitanda vya majeruhi wa Vita vya Crimea, vita ambavyo Uingereza, Ufaransa na Uturuki zilipigana na Urusi hadi mwaka 1856. Taa hiyo imesifiwa kupita kiasi. Silaha yake kubwa ilikuwa daftari. Katika vita hivyo jeshi la Uingereza lilipoteza askari 2,755 waliouawa vitani, wengine 2,019 waliokufa kwa majeraha, na 16,323 waliokufa kwa magonjwa. Mpe mtoto wa darasa la saba tarakimu hizo tatu, mwambie azijumlishe, kisha atafute sehemu ya kila moja katika mia. Atapata jumla ya 21,097, na atagundua kwamba katika kila askari 100 waliokufa, 77 hawakuuawa na Mrusi. Waliuawa na kuhara, kipindupindu na homa. Kwa maneno mengine, waliuawa na mitaro michafu, maji mabaya, na ofisi zilizochelewesha mahitaji yao.

Katika hospitali ya Scutari, Februari 1855, kwa kila wagonjwa 100 waliotibiwa, 42 hivi walikufa. Mwezi Machi ikafika tume ya usafi, ikazibua mifereji na kupitisha hewa katika wodi. Kufikia Juni waliokufa walikuwa 2 hivi kwa mia. Aliporudi nyumbani, Nightingale alishirikiana na mtakwimu William Farr, wakazipanga tarakimu hizo, naye akazichora katika michoro ya duara yenye rangi, ili hata waziri asiyependa kusoma aweze kuona kwa jicho moja. Na hakuishia kwenye vita. Alionyesha kwamba hata wakati wa amani, ndani ya Uingereza kwenyewe, askari wa kambini walikuwa wakifa 17, 19, hata 20 katika kila elfu kwa mwaka, ilhali raia walikuwa wakifa 11 tu. Na hao askari walikuwa vijana waliopimwa na daktari kabla ya kuandikishwa! Akasema wazi kwamba kuwaacha wafe hivyo ni uhalifu ulio sawa na kuwatoa watu 1,100 kila mwaka hadi uwandani na kuwapiga risasi. Mwaka 1857 iliundwa tume ya kifalme kuhusu afya ya jeshi. Kambi zikaanza kutobolewa madirisha na kuchimbiwa mitaro, na mwaka 1860 likafunguliwa chuo cha madaktari wa jeshi. Mwaka 1858 mama huyo alikuwa mwanamke wa kwanza kupokewa katika chama cha watakwimu cha London.

Tumelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu lina yote tunayoyatafuta. Hesabu zenyewe ni nyepesi, ni kujumlisha, kugawanya na kulinganisha. Tarakimu ni za kweli. Na mwishoni lipo swali la haki ambalo haliwezi kuepukwa: nani aliyekufa, nani angeweza kuokolewa, na nani aliyekuwa na uwezo wa kumwokoa akakaa kimya?

Majirani zetu na sisi tunayo mifano iliyo karibu zaidi. Mwaka 2003 ulifanyika uchunguzi rasmi nchini Uganda juu ya askari hewa, yaani majina yaliyokuwa yakilipwa mshahara bila mtu wa kusimama gwarideni. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulipeleka katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ujumbe ulioitwa EUSEC, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kusaidia kuwahesabu askari mmoja mmoja na kuitenganisha njia ya mshahara na njia ya amri, ili fedha ya askari isipite mikononi mwa yule yule anayemwamuru. Mambo haya husimuliwa kama habari za wizi, na kwa hakika ni wizi. Darasani, hata hivyo, ni hesabu ya kutoa: waliomo katika orodha, toa waliopo gwarideni. Hasara yake haiishii katika hazina ya serikali. Fikiri juu ya platuni ambayo katika karatasi ina watu 30, na kamanda aliye mbali anaipangia kazi ya watu 30, ilhali waliomo handakini ni 19. Wale 11 wasiokuwapo hawafi. Anayekufa ni mmoja wa wale 19. Mtoto aliyeifanya hesabu hiyo akiwa na miaka 13, siku moja akawa karani wa malipo, ataiona ile orodha kwa jicho jingine.

Sasa tuingie nyumbani. Askari wengi ni wanachama wa vyama vya akiba na mikopo, kama vile Wazalendo kwa jeshi na Exodus kwa polisi, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini wako pia wakopeshaji wa mtaani, ambao huchukua kadi ya benki ya askari pamoja na namba yake ya siri iwe rehani, wakawa ndio wanaompokelea mshahara. Tuchukue mfano. Koplo anahitaji shilingi 2,000,000 kwa miezi 12. Wakopeshaji wawili wanamwambia maneno yale yale: riba ni asilimia 2 kwa mwezi. Wa kwanza hutoza riba juu ya mkopo wote wa awali kila mwezi, hata pale deni lililosalia linapokuwa dogo. Kwa hiyo koplo atalipa 40,000 mara 12, yaani 480,000. Wa pili hutoza riba juu ya deni lililobaki tu. Mwezi wa kwanza ni 40,000, na kadiri deni linavyopungua kwa mafungu yaliyo sawa, ndivyo riba inavyopungua, hata mwezi wa mwisho ni 3,333. Jumla ya riba yote ni 260,000. Tofauti ni shilingi 220,000, nayo imezaliwa na maneno yale yale, bila mtu yeyote kusema uongo.

Hesabu hii haizidi uwezo wa mwanafunzi wa kidato cha pili. Je, ni askari wangapi walioajiriwa kwa cheti kizuri cha shule, ambao wangeweza kuifanya kabla ya kutia sahihi? Na ni wajane wangapi wanaotia dole gumba katika karatasi ya pensheni, wakamwamini karani kwa kuwa hawana njia nyingine? Mtoto wa mjane huyo yuko shuleni. Angeletwa aketi karibu na mama yake na kalamu, karani angekuwa mwangalifu zaidi.

Hadi hapa afande atakuwa anatikisa kichwa kwa kukubali, maana hesabu hizi zote zinamtetea. Ugumu uko pale ambapo hesabu zinamgeukia yeye mwenyewe. Na hapo ndipo uaminifu wetu unapopimwa.

Katika mji wa Chicago, nchini Marekani, mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Eric Gutstein alifundisha hesabu katika shule iliyokuwa na watoto wa wahamiaji kutoka Meksiko, na mwaka 2006 akatoa kitabu juu ya kazi hiyo. Mojawapo ya masomo yake lilihusu polisi wa barabarani katika jimbo la Illinois, na lalamiko kwamba madereva weusi na wale wenye asili ya Amerika ya Kilatini husimamishwa kupita kiasi. Hakuanza kwa hotuba. Aliwapa watoto mifuko yenye vijiwe vya rangi, uwiano wa rangi ukiwa sawa na uwiano wa madereva katika eneo. Wakachota kijiwe kimoja bila kutazama, wakaandika rangi yake, wakakirudisha, wakachota tena na tena, kisha wakalinganisha matokeo ya bahati na takwimu halisi za watu waliosimamishwa.

Sisi tunaweza kulifanya somo hilo kwa maharagwe. Weka mfukoni maharagwe 100, na 10 kati yake yawe mekundu. Chota mara 20, kila mara ukilirudisha ulilolichota. Kwa wastani utapata mekundu 2. Ukipata 4 usishtuke, kwani kupata 4 au zaidi hutokea mara moja hivi katika kila mara saba au nane. Lakini ukiambiwa kwamba mtu fulani alichota kwa bahati tupu akapata mekundu 12, una haki ya kuuliza kama alikuwa amefumba macho kweli.

Polisi wengine watasema kwamba hilo ni somo la kumfundisha mtoto kumchukia polisi. Sisi tunaliona kinyume chake. Kwanza, linamfundisha kutomhukumu mtu kwa mambo mawili au matatu, kwa kuwa mekundu 4 katika 20 si ushahidi wa kitu, na polisi mwaminifu anayesingiziwa kwa sababu ya siku moja ana mtetezi katika mfuko ule wa maharagwe. Pili, linamlazimu aulize kigawanyo ni kipi. Tukisema kabila fulani limesimamishwa sana katika kizuizi, twalilinganisha na idadi ya watu wake katika wilaya, au na idadi ya madereva wake wanaopita pale, au na wale wapitao usiku peke yao? Kila kigawanyo hutoa jibu lake, na mtoto aliyejifunza kukiuliza hawezi kuchochewa kwa urahisi mkutanoni. Tatu, somo hilo halikuwa jambo la darasani peke yake. Mwaka 2003 bunge la Illinois lilipitisha sheria ya kuwataka polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha, na kazi hiyo ikaanza Januari 2004. Aliyeisimamia sheria hiyo katika baraza la seneti la jimbo ni Barack Obama, ambaye baadaye alikuwa Rais wa nchi hiyo. Sheria kama hiyo haifai kitu mahali ambapo wananchi, na polisi wenyewe, hawajui kusoma jedwali.

Hata hivyo hatumfuati mwalimu huyo katika kila jambo. Somo lake jingine liliwataka watoto walinganishe bei ya ndege moja ya kivita ya aina ya B-2 na karo ya vijana wanaokwenda chuo kikuu. Hesabu yenyewe ni nzuri, na mlipa kodi yeyote anayo haki ya kuifanya. Ila mizani ina sahani mbili. Aliyeweka karo katika sahani moja hana budi kuuliza pia ndege ile ilinunuliwa kwa hatari gani, na kama hatari hiyo ni ya kweli. Asipouliza, ameliweka jibu darasani kabla ya watoto kufungua madaftari. Hilo ndilo kosa kubwa linaloweza kuiharibu kazi hii yote. Mwalimu ahubirie mahali pengine. Darasani alete tarakimu, azieleze zilivyokusanywa, aulize swali, kisha anyamaze mpaka watoto wamalize kugawanya. Likitoka jibu asilolipenda, aliandike ubaoni vile vile.

Tukirudi katika barabara zetu, tunayo hazina ambayo haijaguswa. Kila mwaka Polisi ya Uganda hutoa taarifa ya uhalifu na ajali, na taarifa hiyo husomwa siku moja, magazeti yakaiandika, kisha ikawekwa kabatini. Taarifa hizo zinasema kwamba mwaka 2022 kulikuwa na ajali 20,394 na watu 4,534 wakafa. Mwaka 2023 ajali zilikuwa 23,608 na waliokufa 4,806. Mwaka 2024 ajali zilikuwa 25,107 na waliokufa 5,144. Katika tarakimu hizo sita mna kazi ya muhula mzima. Waliokufa mwaka 2024 ni watu 14 kila siku. Kwa taifa ambalo sensa ya mwaka huo huo ilihesabu watu karibu milioni 45.9, ni 11 hivi katika kila watu 100,000. Ajali ziliongezeka kwa asilimia 16 kutoka 2022 hadi 2023, lakini vifo viliongezeka kwa asilimia 6 tu. Kwa kila ajali 100 walikufa watu 22 hivi mwaka 2022, na 20 hivi katika kila mmoja wa miaka miwili iliyofuata.

Je, barabara zimekuwa salama zaidi? Mtoto mmoja atasema ndiyo, maana 20 ni pungufu ya 22. Mwingine atasema hapana, maana makaburi yameongezeka kwa 610 kati ya 2022 na 2024. Wa tatu, na huyu ndiye wa kumwangalia, atauliza kama pengine siku hizi ajali ndogo ndogo zinaripotiwa zaidi kuliko zamani, hata kigawanyo kikakua bila barabara kubadilika. Wa nne, ambaye mama yake ni muuguzi, atauliza kuhusu majeruhi aliyefia hospitali wiki ya tatu: nani aliyerudi kituoni kubadili neno "majeruhi" likawa "marehemu"? Ni swali zito, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani, likikadiria vifo vya barabarani katika nchi kama zetu, aghalabu hupata idadi iliyo kubwa kuliko ile ya polisi. Konstebo anayejaza fomu ya ajali gizani, mvua ikimnyeshea, akiona mtoto wake anaitumia fomu ile kuuliza maswali ya namna hiyo, ataijaza kwa uangalifu mwingine.

Kisha tunafika kwenye haki. Wanaokufa zaidi katika barabara hizo ni waendao kwa miguu na wapandao pikipiki, nao kwa kawaida si watu wenye magari. Watoto na watoke na mwalimu wao hadi lango la kambi saa moja asubuhi, wahesabu kwa nusu saa: wangapi wamepita kwa miguu, wangapi kwa baiskeli, wangapi kwa bodaboda, wangapi kwa gari. Wapime kwa kamba upana wa njia ya magari na upana wa njia ya miguu, kama ipo. Wachore tarakimu zao kwa mistari, na pembeni wachore upana ule. Hawatahitaji kuambiwa na mtu ni nani aliyesahauliwa barabara ilipokuwa ikichorwa.

Namna hii ya kutoka nje kwanza, kisha kurudi ubaoni, ina mwalimu wake mkubwa, naye alipata kuishi jirani nasi. Robert Moses alikuwa Mmarekani mweusi aliyekwenda jimbo la Mississippi kuanzia mwaka 1961 kuwaandikisha watu weusi wapige kura, akapigwa na kufungwa kwa kazi hiyo. Alipoitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam alikataa, akaondoka nchini kwake. Najua wako wasomaji wa ukurasa huu ambao hawatampenda kwa jambo hilo, nami siwaombi wampende. Lakini kuanzia mwaka 1969 hadi 1976 alikaa Tanzania, akafundisha hesabu katika shule ya sekondari huko Same, na aliporudi kwao alianzisha mwaka 1982 mpango wa kufundisha aljebra kwa watoto wa maskini. Ulianzia katika shule ya binti yake mkubwa, aliyempa jina la Kiswahili, Maisha. Hoja yake ilikuwa kwamba, kama zamani asiyejua kusoma alinyimwa kura, leo asiyejua aljebra ananyimwa kazi, na kwa hiyo aljebra ni haki ya raia kama ilivyo kura.

Watoto wengi walikuwa wakikwama kwenye namba hasi. Moses akawapandisha treni ya mjini, wakasafiri vituo kadhaa mbele na nyuma, wakarudi. Kwanza wakaichora safari yao. Kisha wakaieleza kwa maneno yao ya nyumbani. Kisha wakafundishwa kuieleza kwa maneno yaliyopangwa vizuri: tulianzia wapi, tulikwenda upande gani, vituo vingapi. Alama za kujumlisha na kutoa zilikuja mwisho kabisa, na zilipokuja zilikuwa na kitu cha kusimamia. Aliiendeleza kazi hiyo kwa miaka mingi, alifundisha tena huko Mississippi, na alifariki mwaka 2021. Sisi hatuna treni ya namna hiyo. Tunalo gwaride, ambalo ni somo zuri la namba hasi kuliko treni yoyote: hatua tano mbele, hatua nane nyuma, umesimama wapi? Mtoto wa kambini amelisikia kabla ya kujua kusoma.

Litabaki pingamizi moja ambalo ni la haki, nalo ni siri. Idadi ya askari, silaha na risasi si kitu cha kuandikwa ubaoni, na hakuna mwalimu mwenye akili atakayeomba kupewa. Wala majina ya watu hayana kazi darasani, yawe ya mdaiwa, ya marehemu au ya mshitakiwa. Lakini tusilitumie neno siri kufunika kila daftari. Taarifa ya ajali ni ya umma. Mgao wa unga katika jiko la shule si siri ya taifa. Masharti ya mkopo yamebandikwa ukutani kwa mkopeshaji. Idadi ya watu wanaochota maji kwenye bomba moja la kambi, na dakika ambazo kila mmoja husubiri, hujulikana na kila mwanamke mwenye ndoo.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa kambi na wa vituo mambo machache tu, nayo hayahitaji bajeti. Kabla ya muhula ujao kufunguliwa, vitabu vya ajali vya miaka mitano iliyopita vinakiliwe bila majina na kupelekwa kwa walimu wakuu. Afisa mmoja wa trafiki na karani mmoja wa malipo waruhusiwe kwenda darasani saa moja kwa wiki, wakiwa na sare zao, wajibu maswali ya watoto juu ya namna tarakimu zinavyoandikwa. Mahali ambapo kuna madarasa ya jioni kwa askari wenyewe, hesabu ya mkopo wa koplo iwe somo la kwanza, na kila mtu aje na karatasi yake ya deni. Na lile tangi lenye tundu aitiwe fundi.